Namba ya Siri Juu ya Sparadra

Muganga aliyenifundisha kufunga telefone kwa namba ya siri alikuwa mama mupole, na mpaka leo sijui nitamwambia nini siku nikirudi kwake. Ilikuwa katika hospitali moja ya Goma. Ordonansi zangu zote, zile karatasi za dawa, zilikuwa zimelowa na kupasuka, maana huku kwetu Masisi ukikimbia vita unabeba mutoto, unabeba sufuria, karatasi anajua Mungu. Akapiga picha kila karatasi kwa telefone yangu mwenyewe. "Sasa weka namba ya siri, Mama," akasema. "Ugonjwa wako ni wako. Muntu mwingine asiingie humu." Nikaweka. Nikatoka pale kichwa juu kama bibi harusi.

Ugonjwa wangu ni kifafa. Haya, nimeandika. Nikimeza dawa sianguki, na tangu tuhamie Muheto sijaanguka hata mara moja, kwa hiyo hapa hakuna aliyejua isipokuwa bwana yangu. Na ilibidi wasijue. Sisi ni watu wa ng'ombe. Bwana anakamua, mimi njo nachuja, njo nauza maziwa kando ya barabara, na huku watu wanaamini kifafa kinaambukiza kupitia povu la mudomo. Sasa fikiria povu la mudomo, fikiria na povu la maziwa ya asubuhi, halafu uniambie nani angenunua. Wenyewe waliniita Mama Maziwa. Nikisikia jina hilo ninavimba, sifichi.

Lakini Muheto hakuna umeme. Telefone tunapeleka kuchajiwa kwa jirani yetu mumoja, mulimaji wa maharagi, aliyeweka pano za jua juu ya nyumba yake. Tunamuita Papa wa Pano. Na desturi kwake ni hii: unabandika kipande cha sparadra, ile ya kufungia kidonda, mugongoni mwa telefone. Unaandika jina lako, na chini ya jina unaandika namba ya siri. Ndiyo, namba ya siri yenyewe! Maana wewe unashinda shambani ao malishoni, na ujumbe ukiingia kutoka Kashebere kwamba wanataka maziwa, Papa wa Pano anafungua, anasoma, anajibu: "Mwenyewe iko ku ng'ombe, atakuja jioni." Telefone zote zimepangwa pale juu ya ubao, kila moja na siri yake mugongoni, na hakuna anayeona ajabu. Hata mimi sikuona. Muganga ananiambia funga mulango, ninafunga, halafu ninatundika ufunguo juu ya mulango ule ule. Akili gani hiyo!

Jioni moja nikaenda kuchukua telefone yangu. Nikafungua, na macho kwa macho na ordonansi. Imejaa kioo chote, na jina langu juu. Asubuhi ile mimi mwenyewe nilikuwa nimeiangalia ili nilinganishe na dawa mpya, nikasahau kuiondoa, lakini dakika ile sikukumbuka chochote. Nilimwangalia Papa wa Pano tu. Yeye alikuwa anakunjua nyaya zake.

"Uko muzima, Mama?" akaniuliza.

Kwa nini aniulize kama niko muzima? Nikashika telefone yangu, nikaenda nyumbani.

Kesho yake muke wake hakuja kuchukua maziwa. Majirani zake wawili, wale wanaosali naye kanisa moja, nao hawakuja. Bidoni yangu ya maziwa ikabaki nusu, maziwa yakaganda yakawa mashanza. Siku iliyofuata, vilevile. Tukikutana njiani wananisalimia upesi upesi wanapita. Nikasema basi, kumekwisha. Nilinawa mikono kwa sabuni mpaka ngozi ikauma, na nilikuwa ninaona haya kuishika hata mikono yenyewe. Nikalia nyuma ya zizi, ng'ombe wananiangalia.

Halafu hasira ikapanda. Mimi hasira yangu haina breki, mama yangu alinisema sana kwa hilo. Nikashuka kwa Papa wa Pano wakati ambapo kila muntu anakuja kuchukua telefone yake, uwanja umejaa, na sikungoja hata salamu.

"Papa, nani alikutuma kufungua ordonansi yangu? Nani alikutuma kuambia batu niko na kifafa? Kifafa yangu imekula nini yako? Munaacha maziwa yangu inaganda, na miye nakunywa dawa kila siku!"

Watu wote wakageuka. Papa wa Pano alisimama na waya mukononi.

"Mama," akasema pole pole, "miye niliona karatasi ya muganga, nikajibu ujumbe, nikaiacha vile nilikuta. Maandiko ya baganga, nani anaweza kuisoma?"

Muntu mumoja akacheka.

"Na maziwa je?" nikauliza.

"Lakini Mama, siye tuko mu maombi ya kufunga. Hata chai ya maziwa hatugusi mpaka juma hii iishe."

Mimi ni Mukatolika. Maombi yao ningeyajulia wapi? Yesu wangu. Hakuna aliyekuwa anajua kitu. Yule aliyecheka aliacha kucheka, na nikaona lile neno linatoka uso huu linaingia uso ule, kifafa, kifafa. Mama mumoja alimuvuta mutoto wake karibu na kitenge chake. Nilitamani ardhi inimeze na telefone yangu.

Juma la kufunga likaisha. Asubuhi yenyewe, wa kwanza kufika alikuwa muke wa Papa wa Pano, na jagi yake. "Mama Maziwa, nijazie." Nilitaka kumukumbatia. Nikajaza, nikaongeza. Wale majirani nao wakaja. Nikamwambia bwana yangu kwamba watu wa hapa ni watu kweli, na usiku ule nililala.

Siku moja mchana nikapita nyuma ya nyumba ya Papa wa Pano, njia ya mukato. Chini ya migomba udongo ulikuwa mweupe wa maziwa, bado umelowa, nzi wamejaa, na pembeni kuna alama nyingine kavu za siku zilizopita. Jagi yenyewe ilikuwa imeinamishwa juu ya jiwe, imesuguliwa kwa majivu. Sikupiga hodi. Nikarudi nilikotoka. Ningekasirika ingekuwa afadhali, lakini hasira ilikataa kuja, ikaja aibu peke yake.

Sparadra nimeibandua. Namba ya siri nimebadilisha, hata bwana yangu haijui.

Kesho yake mama yule akaja kama kawaida. "Mama Maziwa, nijazie."

Nikajaza.

"Batoto banaipenda sana," akasema.

Nikamwambia aksanti.