Sakiti yangu ilivyosumbuliwa na pampu kwenye kiwanda cha mkonge

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sina sababu ya kutia chumvi.

Enzi za Ujamaa nilikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha mkonge, Korogwe. Mashine ya kusindika majani, tuliita korona, ilikuwa inakata watu mikono. Nikaunda sakiti ya transista: mlishaji, yule anayeingiza majani, akivuta kamba iliyo juu yake, korona inasimama papo hapo.

Mezani ilifanya kazi bila kukosea. Nikajiona profesa!

Tukaifunga kiwandani. Balaa. Kila pampu ya maji ikiwashwa, korona inazima yenyewe. Hakuna aliyegusa kamba.

Nikamfuata fundi mkuu. "Mzee, ni noise ya mota inaingia kwenye waya. Nipe siku mbili niipime upya."

"Si umeshaipima? Mkonge unaoza nje, wewe unaniletea habari za kelele!"

Nikamweleza kwamba hii si kelele ya masikioni, ni umeme unaoshtuka. Wapi! Kama naongea na ukuta.

Wiki haijaisha, akaunga kipande cha waya, sakiti ikarukwa; kamba ikawa haizimi tena chochote. Mimi sikuambiwa. Wala walishaji hawakuambiwa.

Mzee Mhina, mlishaji kutoka Sindeni, shati likanaswa. Akavuta kamba. Akavuta tena. Mashine inakwenda tu!

Nilikimbilia swichi kuu. Tulimtoa hai, ila vidole viwili havikupona.

Nilimfuata hospitali. "Shikamoo mzee. Nisamehe."

"Marahaba. Lakini kamba nilivuta, mwanangu."

Mpaka leo naumia.

Niliporudi nikachukua stoo kengele ya umeme, ile ya mlangoni inayotoa cheche, nikaiunga laini moja na sakiti. Nikamwita fundi mkuu, nikabonyeza. Sakiti ikakata umeme hapo hapo, kamba haijaguswa, vile vile kama kwa pampu. Akainamisha kichwa.

Jaribio la dakika tano, wakuu! Dakika tano!

Nikaongeza kapasita ya kumeza mishtuko ya umeme, nikatenga waya wa kamba na nyaya za mota, nikaipigia kengele kutwa nzima. Haikutetereka. Tukaifunga tena, na tangu hapo korona ilisimama pale tu kamba ilipovutwa.

Fundi mkuu nilimlaumu miaka mingi. Ila ukweli, kile kipimo nilipaswa kukifanya mimi, kabla sijamwambia mtu yeyote kwamba kamba itamwokoa.

Mnaounda vitu, visumbueni wenyewe kwanza. Wenzangu wa viwandani, nyie yaliwakuta yapi? Hata wa kunilaumu, karibuni.