Mtani kaegemeza mfuniko mlangoni kwangu, watu wote wanacheka

Admin, jina langu lifiche. Mimi naongea kwenye simu, wewe andika, maana kalamu na mimi hatujawahi kuelewana. Ni mzee wa miaka sabini na kidogo, niko huku upande wa Majimoto, kijiji nakimeza. Nalima mpunga, mke ninaye, na kwa kuchekesha watu hajazaliwa wa kunifikia. Mimi ndiye yule mzee aliyemfukuza kiboko kwenye majaruba ya mpunga kwa ufagio wa mke wake. Wanaosikia wanacheka, lakini kiboko alikimbia.

Leo siwachekeshi.

Mwaka jana dada mmoja wa ustawi wa jamii alituletea binti wa miaka kumi na tatu tukae naye. Baba yake alifariki, akawa analelewa na baba yake mdogo, na huyo baba mdogo akamtafutia mume. Ng'ombe walishaingia zizini. Asubuhi ya kuchukuliwa, binti akakimbilia kwa mtendaji wa kijiji, ndala mguu mmoja. Yule dada akaja kwetu, akakagua nyumba, akauliza majirani, akasema nyie ndio walezi wa kuaminika. Nikavimba kichwa. Nikamwambia bibi yenu, "Unaona, serikali imeniamini, wewe bado." Akanijibu, "Serikali haijawahi kulala na wewe."

Yule dada alikuwa anajua kazi. Akija anakaa na binti nyuma ya ghala, wawili tu. Nikisogea ananifukuza: "Babu, nenda kachunge kiboko wako." Kisha akahamishwa. Akaja kijana mwingine, ana kata nyingi, pikipiki haina mafuta, tukawa tunamsikia tu.

Hapo ndipo baba mdogo alipoanza kuja. Makabila sitaji, ila la kwake na la kwangu ni watani tangu mababu. Mtani anakutukana, anakuvua kofia mbele ya wakwe, na ukinuna wewe ndio mwenye kosa. Ukifa, yeye ndiye anavaa nguo zako msibani, anaigiza ulivyokuwa unatembea, watu wanalia huku wanacheka.

Siku ya kwanza alikuja na mfuko wa mchele. "Mtani, bado unapumua tu? Hilo koti usilichafue, nitalivaa mimi."

Nikamwambia, "Litakubana, tumbo lako limejaa ng'ombe wa watu."

Majirani walicheka, na siku hiyo nilimshinda, hata yeye anajua.

Aliporudi mara nyingine akavaa kofia yangu, akaigiza ninavyokwenda chooni alfajiri, na kile kikohozi changu cha kuanzia mlangoni. Watu wakakaa chini kwa kucheka. Na mimi nikacheka. Baadaye, nakata majani shambani, ndipo nikasimama. Huyu mtu anakaa ng'ambo ya bonde. Kikohozi changu cha alfajiri kakisikilizia wapi?

Sasa sikilizeni. Binti wetu kila jioni akiingia chumbani kwake anaegemeza mfuniko wa sufuria kwenye mlango kwa ndani, ili mtu akisukuma uanguke upige kelele. Akimaliza anaugusa kwa kidole kimoja kuona kama umesimama. Hakufundishwa na mtu. Tunaojua ni yeye, bibi yenu aliyewahi kulala naye chumbani, na mimi niliyesimuliwa. Na dirisha la chumba chake limezibwa na gunia tu.

Wiki hii kijana wa ustawi akaja, akamkuta mtani yuko uani kwangu na majirani. Mtani akainuka, akajifunga kanga ya bibi yenu, akakata kiuno, akachukua mfuniko wa sufuria ya ugali. Akauegemeza kwenye mlango wa binti. Akaugusa kwa kidole kimoja, taratibu. Kisha akageuka akaniangalia.

Watu walicheka kile kiuno. Mimi sikucheka. Binti alikuwa anachambua mchele, mikono ikasimama ndani ya ungo.

Kijana wa ustawi akafuta machozi ya kicheko. "Mzee, watu wanaotaniana hivi hawana ugomvi." Akamuuliza binti palepale, mbele yetu wote, "Unataka kurudi nyumbani?"

Binti akamwangalia baba yake mdogo. Akaniangalia mimi, akaangalia na koti langu. "Ndiyo."

"Vizuri. Jumatatu nakuja tukupeleke."

Nikamfuata mpaka kwenye pikipiki. Nikamwambia, mwanangu, huyu mtu anachungulia dirishani kwangu. Akacheka. "Mzee, na yule kiboko je?" Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Akasema, "Mtani hashtakiwi. Ukimleta hapa, faini unatoa wewe." Namba ya yule dada wa kwanza haipatikani.

Jioni ile binti hakuuchukua mfuniko. Bibi yenu akampelekea. Akasema, "Hauna kazi tena, bibi. Anajua ninapouweka." Bibi akamuuliza, sasa kwa nini ulikubali kurudi? Akasema, "Ili asije akalivaa koti la babu."

Koti nimelichoma leo asubuhi. Bibi yenu kaniona, akaongeza kuni.

Najua mtaniambia niende Mpanda, polisi kuna dawati la watoto. Nikifika pale nasemaje? Kwamba mtani kaegemeza mfuniko? Wataniita ndani nirudie, wenzao nao wasikie. Maisha yangu yote nimewachekesha watu, sasa natafuta mmoja tu wa kunisikiliza mpaka mwisho. Nyie mnaosoma hapa ni wengi, na wengine mnafanya kazi hizo za ustawi. Jumatatu huyo kijana akisimamisha pikipiki hapa uani, binti ameshafunga nguo zake kwenye mfuko, nishaurini wanangu, nifanye nini?