Mwendo wa Mwalimu Kaijage

Mwaka 1968, Mwalimu Datius Kaijage wa Kibeta aliteuliwa kuongoza waendesha baiskeli kumi na wawili kutoka Bukoba hadi Muleba kwenye mkutano wa hadhara. Alikuwa na sifa mbili: mwandiko mzuri na baiskeli mpya ya Raleigh. Kwamba Raleigh hiyo ilisuguliwa kwa kitambaa mara nyingi kuliko ilivyopanda mlima, hakuna aliyeuliza, naye hakuona sababu ya kulitaja.

Mkutano ungeanza saa nane. Kikundi kitakachochelewa risala yake haitasomwa, na risala hiyo Kaijage alikuwa ameiandika kwa siku tatu, akaifuta, akaiandika tena. Kwa hiyo alitunga kanuni ya safari na kila mtu akaikubali kwa kunyoosha mkono: hakuna kumpita kiongozi, na mwendo wa aliye mnyonge ndio mwendo wa wote.

Mnyonge huyo Kaijage alikuwa amekwisha kumchagua. Alikuwa mzee Rwegasira wa Kagondo, katekista mstaafu mwenye miaka sitini na tatu. Alimpanga wa kwanza nyuma yake, ili akisikia pumzi zake zinakwisha apunguze mwendo. Lukmani wa Miembeni, mchukuzi wa ndizi ambaye baiskeli yake haikuwa na breki wala rangi, alimweka mkiani asije akaaibisha msafara.

Mpaka Kemondo mambo yalikwenda. Baada ya hapo Kaijage alitega sikio nyuma, na pumzi za mzee hakuzisikia. Alisikia hadithi. Rwegasira alikuwa akisimulia jinsi alivyopogoa kahawa yake, mbuni mmoja baada ya mwingine, na mlima haukumkatisha hata sentensi moja. Pumzi zilizokuwa zikifoka kama mvukuto wa mhunzi zilikuwa za kiongozi.

Kwenye mlima wa Muhutwe Kaijage alishuka, akakokota. Kwa kuheshimu kanuni, wote wakashuka, wakakokota. Saa ilikuwa sita.

"Mwalimu, tukupite?" Lukmani aliita kutoka mkiani.

"Kanuni ni kanuni!"

"Kanuni si umeiandika wewe, waitu?" mzee alisema kwa upole na kwa heshima ya Kihaya. "Uifute. Kufuta unajua."

Watu wakacheka. Kaijage akakaa kwenye majani. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa darasa la pili: kwa mwendo wake wangefika saa kumi, na risala ingebaki mfukoni. Wakitangulia na karatasi, mwandiko wenyewe ulikuwa wa mapambo kiasi kwamba mtu mwingine asingeusoma bila kukwama.

Lukmani akaja mbele, akapiga keria yake kofi. "Panda. Nimewahi kupakia mikungu minne na mbuzi juu yake. Mbuzi huyo alihema kidogo kuliko wewe."

"Mimi? Nipakiwe?"

"Basi tukuache hapa usahihishe kanuni."

Kaijage akapanda. Alikaa upande, kama bibi harusi, miguu ikining'inia. Mzee Rwegasira akaendesha baiskeli yake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaikokota Raleigh pembeni, bila kukatisha habari za kahawa. Waliingia Muleba saa nane kasoro dakika kumi, mbele ya umati wote, kiongozi akiwa kwenye keria. Mama mmoja aliuliza kwa sauti ya kutosha kama yule ni mgonjwa.

Risala ikaitwa. Kaijage akasimama, akaikunjua, akasoma aya ya kwanza, na macho yake yakaangukia aya ya pili: "Sisi tumefika hapa kwa miguu yetu wenyewe, bila kumtegemea mtu." Jasho likamtoka upya. Akapeleka macho kwenye aya ya tatu, akafungua kinywa.

"Mwalimu," Lukmani, aliyekuwa akichungulia karatasi begani kwake, alinong'ona kutoka nyuma, na Muleba nzima ikasikia, "usiruke. Tumekubeba ili uisome yote."

Kaijage akakohoa, akarudi aya ya pili, akaisoma neno kwa neno. Kila alipofika kwenye nukta ilimbidi asubiri kicheko kipite.

Safari iliyofuata, alipangwa katikati.