Maziwa na Udongo wa Duara

Uso wa mdogo wangu nimeuchapa kwa maziwa ya ng'ombe wa mama na kwa udongo wa shimo lililomfukia. Yeye mwenyewe bado yumo chini.

Alikuwa mchimbaji wa dhahabu upande wa Masumbwe, kwenye shimo ambalo wachimbaji wenyewe huliita duara. Lilipotitia, mwenye duara alisema watu wote walitoka. Wenzake walisema hapana, lakini walisema kwa kunong'ona, kwa sababu kesho yake walihitaji kazi. Walichotuletea nyumbani Samuye ni viatu vyake na kiroba cha mawe mekundu, mgawo wake wa mwisho.

Mama alimfuata mwenye duara. Nilikuwepo. Yule bwana alimwamkia vizuri kabisa, shikamoo mama, akamvutia kiti.

"Vijana hawa wanazurura, mama. Mtafuteni Buseresere, huko kuna mchimbo mpya."

"Kaenda Buseresere peku?" mama akamuuliza.

Watu wawili wakacheka. Yeye akaangalia simu yake.

Wazee wa ukoo nao wakakataa matanga. Hakuna mwili, hakuna msiba, walisema. Mama akabaki hana kaburi wala ruhusa ya kulia. Akaniomba picha, kubwa, isiyofifia kama zile za studio. Mimi napiga picha za harusi mjini Shinyanga, na kwa muda nilikuwa najaribu uchapaji wa zamani wa kazeini. Maziwa yaliyotolewa mafuta unayakatisha kwa ndimu, mabonge yake unayaosha na kuyalainisha kwa chokaa mpaka yawe gundi. Unatia rangi, na chumvi ya rangi ya chungwa, sumu inayoifanya gundi igandishwe na jua, unapaka kwenye karatasi gizani. Ikikauka, unalaza juu yake negativu, picha iliyogeuzwa nyeusi kuwa nyeupe, na kioo, unaanika juani. Palipopigwa na jua hushika. Palipokingwa hutoka na maji.

Rangi sikununua. Nilitwanga yale mawe kwenye kinu, nikayachekecha kwa kanga. Nilitwanga kwa hasira, na sijui mpaka leo kama ilikuwa ya yule bwana au ya wazee wetu.

Kosa langu lilikuwa la mtoto wa nyumba yenye ng'ombe. Maziwa nilichota kwenye kibuyu, kama tunavyochota siku zote. Kibuyu chetu hufukizwa moshi kabla ya kutiwa maziwa, na ndani yake imeganda samli ya miaka; penye mafuta gundi haishiki. Picha ilitoka na madoadoa ya masizi, na nilipoitia kwenye beseni, uso ukaanza kumeng'enyuka. Mashavu, kisha mdomo. Vikabaki kofia na mabega. Nikarudia kwa maziwa ya kibuyu kile kile, ikawa vile vile.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Umemwosha tena," alisema. "Yule kamfukia, wewe unamwosha."

Nilitaka kumjibu vibaya. Nikachukua sufuria, nikaenda zizini, nikakamua mwenyewe moja kwa moja ndani yake. Nikaacha maziwa yatulie, nikaengua mafuta yote. Safari hii maji ya beseni yakawa mekundu, yakatulia, na yeye akabaki kwenye karatasi, anacheka vile alivyocheka alipojipiga kwa simu pale mdomoni mwa duara, akanitumia.

Mama aliitazama mpaka ikakauka.

"Ndiye," alisema. "Haya, nenda ukawaulize wazee kama huyu naye hatoshi."

Nilikwenda. Waliishika karatasi kwa ncha za vidole, wakasifu kazi. Matanga, walisema, yasubiri mwili.

Sasa mwenye duara amefungua jingine jirani na lile, na wachimbaji wanasema njia yake ya chini inaelekea kule kule alikofukiwa. Mmoja wao amenipigia simu: wameagizwa kwamba atakayekuta mfupa amwite bosi kwanza, asimwambie mtu mwingine yeyote. Wanaendelea kuchimba.