Bahasha ya Sport

Tangu utotoni mama yangu aliniita kiguu na njia, na hakukosea. Hata leo, nikiwa mwalimu wa michezo katika chuo kidogo hapa Kisangani, siwezi kukaa ofisini nusu saa bila kutoka nje kuchungulia kitu. Labda ndiyo sababu nilikabidhiwa michezo. Walidhani mtu asiyetulia anafaa kusimamia wanaokimbia.

Chuo chetu hakina uwanja. Kina vyumba sita vya kupanga, mpira mmoja wenye viraka, na karatasi ya njano. Karatasi hiyo ni risiti ya ada ya sport, na kila anayejiandikisha huilipa, apende asipende, hata yule anayetembea kwa fimbo. Fedha huingia katika bahasha moja kwenye kabati la mhasibu, na huko ndiko zinakoyeyukia. Chaki zikikosekana, huchukuliwa humo. Mgeni akija kutoka wizarani, soda yake hutoka humo. Kukiwa na matanga, yaani mtu wa chuo amefiwa, bahasha hufunguliwa bila hata hodi, maana kwetu chuo kikifika matangani mikono mitupu kimejiaibisha.

Mwaka juzi nilijaribu kuzuia. Mhasibu, mzee mpole tunayemwita papa, akanitajia jina la marehemu, mama mkwe wa mfagizi wetu, nami nikalainika palepale. Timu ya mpira haikusafiri. Tangu siku ile nikajiwekea sheria: sitauliza tena ni matanga ya nani. Jina ndilo linaloniponza.

Mwaka jana nilikuwa na mtu wa kumlindia bahasha. Alikuwa msichana wa mwaka wa pili, mrefu, mchache wa maneno, mwenye mbio ambazo sijawahi kumfundisha mtu. Kule Bafwasende, kwenye barabara ya mashariki, mnunuzi mmoja wa dhahabu alikuwa ameandaa mashindano ya mbio na kuahidi kumlipia masomo yote msichana atakayeshinda. Huyu wangu alikuwa hajamaliza karo, na ofisi ilishamwambia kwamba bila karo hatafanya mitihani. Kwake zile mbio ndizo zilikuwa shule. Bahasha ilitosha nafasi mbili kwenye lori, yake na yangu, chakula na pa kulala. Isingebaki hata ya sabuni.

Kila Jumamosi alfajiri tulifanya mazoezi kwenye barabara ya Bangboka, yeye kwa miguu, mimi nyuma juu ya toleka, baiskeli ya abiria, na mwenye baiskeli akinung'unika kwamba hajawahi kulipwa ili aende polepole. Tulipogeuzia, karibu na kizuizi cha uwanja wa ndege, baba yake alitungojea na beseni la maji. Alikuwa mlinzi pale. Raba za binti alizinunua yeye, mtumba, na alizifua mwenyewe. Mimi aliniuliza jambo moja tu kila wiki:

"Madame, inabakia siku ngapi?"

Nami nilimtajia, naye akahesabu kwa vidole.

Ijumaa moja, zikiwa zimebaki siku nane, mhasibu alikuja ofisini kwangu akiwa ameshika kofia mkononi. Nilijua kabla hajafungua kinywa.

"Mama, kuko matanga," alisema. "Ile mbongo ya sport, ile ya bahasha, itatusaidia."

Nilisimama. Nilimwambia kila siku kuna matanga, nikamuuliza waliokufa wana haraka gani kuliko walio hai. Nilisema mengi, na mengine naona haya kuyaandika. Aliningoja nimalize.

"Haujauliza hata ni matanga ya nani."

"Na sitauliza, papa. Nikijua nitatoa."

"Bon," akasema, akavaa kofia yake. Hakuniomba tena. Alinipa ufunguo wa kabati mwenyewe, na hilo lilipaswa kunishtua, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kujipongeza. Nilichukua bahasha, nikaitia mkobani, nikaenda nayo nyumbani. Simu niliizima ili asipatikane mtu wa kuniambia lile jina. Usiku kucha niligeuka-geuka kitandani.

Asubuhi msichana hakuja. Nilingoja, nikatembea huku na huko, mwisho nikapanda toleka peke yangu hadi kizuizini. Baba hakuwepo, wala beseni. Hasira zikanipanda. Mimi nagombana na wazee kwa ajili yao, nao wanalala! Nikamwambia mwenye baiskeli anipeleke kwao, na njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumkaripia yule binti.

Mtaa wao ulikuwa umefungwa kwa turubai la bluu, na chini yake viti vya plastiki. Karibu na lango palikuwa na meza, na mtu mwenye daftari la kuandika michango. Mhasibu alikaa safu ya mbele. Aliponiona, alisogeza kiti chake ili nipate nafasi. Laiti angenitukana.

Baba wa msichana alikuwa amekufa Alhamisi jioni, presha, akiwa kazini. Tonton wa msichana, ndugu wa marehemu, alinieleza kwamba mwili bado uko mochwari kwa sababu sanduku halijapatikana, na kila siku ya kungoja mochwari inalipiwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nikaiweka bahasha mezani.

Mwenye daftari aliuliza aandike jina gani. Mhasibu ndiye aliyejibu: aandike sport. Na kwa kuwa kwetu michango husomwa kwa sauti, ili wafiwa wajue nani amewakumbuka, ikasomwa: sport ya chuo, na kiasi chake chote.

Msichana alitoka ndani, walikokaa wanawake kwenye mikeka. Alinivuta hadi nyuma ya jiko. Nilimweleza yote, bila kujipunguzia, jinsi nilivyokataa jana na kwa nini nimetoa leo. Nilitaka anisamehe kwa kukataa. Alinisikiliza akitazama miguu yake.

"Ungekatala na leo, madame," alisema. "Papa yangu alikuwa anahesabu siku. Hata blanketi tu ya kumuzikia ilikuwa inamutosha."

Kisha akarudi kwa wanawake.

Sanduku lilikuwa zuri, lenye vishikio vya kung'aa, na watu wote walilisifu. Siku ya mashindano sikuweza kukaa. Nilitembea hadi kizuizini na kurudi, kwa miguu, bila sababu yoyote ya maana. Mitihani ilipoanza, jina lake halikuwa kwenye orodha. Mwezi uliofuata alipanda lori kwenda kwa shangazi yake, kuwauzia wachimba dhahabu mikate. Shangazi huyo anaishi Bafwasende. Mhasibu, aliyemsindikiza hadi kwenye lori, aliniambia kwamba alikuwa amevaa zile raba.