Konokono wa Mtaroni

Juzi nilimwona konokono wangu kwenye kabati la kioo, katika maonyesho ya konokono, na hasira ikanipanda upya.

Nilimwokota mimi, utotoni, ndani ya mtaro nyuma ya kiwanda cha sabuni kule Baba Dogo. Magamba ya wenzake yote yalijipinda kulia. Lake lilijipinda kushoto. Mtafiti aliyekuwa akikusanya konokono mtaani alisimama ukingoni akanyoosha mkono.

"Hebu nipe huyo."

"Kwani ni mgonjwa?" nikamuuliza.

"Eeh, kidogo," akajibu bila kuniangalia, akamtumbukiza kwenye chupa ya spiriti.

Chupa ilinuka kama zahanati kabla ya sindano, basi nikaamini anatibiwa. Nilimwekea jani la sukuma wiki mlangoni, nikamngoja arudi, hadi jani likaoza na mama akalitupa.

Sasa najua kwamba wa kushoto ni nadra, na kwamba spiriti ilimuua palepale. Sayansi ina kazi yake, sikatai. Lakini kikaratasi kilichobandikwa pale kinasema mtafiti ndiye aliyemwokota mtaroni. Yeye, ambaye viatu vyake havikupata hata tone la matope!