Mchele wa Kamera

Shughuli nzima iligharimu kibaba cha mchele, kibaba cha mbegu ya mpunga ya kuazima, na picha moja ambayo serikali haikuwa na habari nayo. Nimehesabu mara mbili, ndivyo ilivyo.

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Habari wa pale Kisarawe hakunipa kamera. Alinipa mkanda wake wa kuning'inizia.

"Vaa shingoni," akasema. "Ukiuvua kabla ya jioni, rudi kwenu Mlandizi ukalime."

Nilishinda ofisini na mkanda usio na kitu, kama mbuzi aliyekata kamba. Jioni nikaelewa: mkono husahau, shingo haisahau. Mkanda kwanza, ndipo mkoba ufunguliwe.

Kamera ilikuwa moja. Vijiji vya Ujamaa vilikuwa vikizinduliwa, na kila mgeni rasmi alitaka aonekane ameshika jembe. Afisa alinifundisha kwa maneno machache. Lenzi, yaani kile kioo cha mbele, haifutwi kwa shati, maana vumbi letu jekundu ni msasa. Unapuliza kwa mpira wa kupulizia, kisha brashi laini, na kitambaa cha pamba kilichochakaa kwa kufuliwa ndicho cha mwisho. Filamu hutiwa kivulini, hata kama kivuli chenyewe ni mgongo wako. Mkoba wa ngozi ni wa safari tu. Ukiilaza kamera humo, ngozi inashika unyevu, na ukungu unaota ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui.

Dawa ya unyevu ilikuwa mchele. Unakaangwa mkavu, unapoa, unafungwa kwenye kitambaa kizito ili vumbi lake lisitoke, kisha unalazwa na kamera ndani ya kopo la biskuti lenye kifuniko cha kubana.

"Lenzi ikiota ukungu, huna kazi," alisema Afisa. "Wala usije na maelezo. Maelezo hayapigi picha."

Masika ikanikuta njiani kwenda Mzenga. Gari lilizama kwenye tope, nikamalizia kwa miguu, kopo chini ya koti. Nilifikia kwa Mzee Salumu, mjumbe wa pale, na mkewe Bi Mwanahawa. Kufungua kopo, lenzi ina umande na mchele umelegea. Nikaifuta kamera, nikauning'iniza mfuko wa mchele karibu na jiko ukauke, nikaenda kuoga.

Sasa, miaka hiyo mchele ulikuwa wa kutafuta. Mgeni mwenye adabu alikuja na wake, akauacha jikoni bila kusema, na mwenyeji naye hakuuliza. Nami nilikuwa nimeuacha jikoni bila kusema.

Tulikula wali. Nikausifu.

"Ni wako, mwanangu," akasema Bi Mwanahawa. "Mchele umekunywa maji mpaka nikaongeza."

Nikaacha kutafuna. "Mama, ule ni wa kamera."

"Kamera inakula wali?"

"Haili. Inalala nao."

Mzee Salumu akamega tonge. "Basi leo italala njaa. Sisi wa foleni ya duka la kijiji tunaielewa."

Nilikuwa na vijiji viwili vya kupita, mvua haikatiki, na mchele mwingine nyumbani mle haukuwepo. Nikawaeleza kazi yangu ilipofikia. Bi Mwanahawa akakitazama kibuyu kilichoning'inia juu ya jiko: mbegu yake ya mpunga, iliyokaa moshini tangu mavuno. Ukikitikisa, kinalia.

"Nitakuazima kibaba. Ikirudi na maji haitaota, na sisi hatutakula. Kwa hiyo nataka picha yangu."

"Filamu ni ya serikali, mama. Picha thelathini na sita, kila moja ina hesabu."

"Na mbegu yangu haina?"

Mwenye mkono mwepesi akitia filamu hapotezi sehemu ya ncha yake. Huipata picha ya thelathini na saba, isiyo kwenye hesabu. Hiyo nilikuwa nikijiwekea akiba. Nikaitoa.

"Na mzee awemo," akasema.

"Mama, tumeshapatana mtu mmoja."

"Basi aingie bega."

Niliporudi na mbegu, aliing'ata punje moja, kisha nyingine kuhakikisha. "Kavu." Nikampiga picha amesimama na kibuyu chake, bega la Mzee Salumu pembeni. Ofisini, Afisa aliielekeza lenzi dirishani, akaitazama, akanikabidhi filamu nyingine. Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Baadaye nilihamishiwa Kibaha, chini ya Bwana Stoo aliyetaka betri itolewe na springi iliyokazwa ndani iachiwe kabla kamera haijawekwa. "Hata wewe hulali umekunja ngumi," alisema. Siku ya kustaafu nilimkabidhi kamera yake, lenzi safi bila ukungu. Ile negativi, yaani kipande cha filamu chenye picha ya thelathini na saba, hakuniuliza, haikuwa kwenye hesabu. Iko hapa kwangu Kongowe, ndani ya kopo la biskuti, na mchele ambao mke wangu ameonywa asiupike.

Majuzi Bi Mwanahawa aliletwa hapa na mjukuu wake. Mzee Salumu ametangulia mbele ya haki. Akanionyesha picha niliyompelekea, aliyoitundika ukutani miaka yote. Ukungu umekula bega la mumewe lote. Amebaki yeye na kibuyu.

"Kamera uliitafutia mchele," akasema. "Picha yangu hukuniambia kama nayo inalala na kitu. Mbegu mimi nilikupa kavu."

Nimepatana bei maisha yangu yote. Hapo nikaenda kulifungua kopo.

Studio za Mlandizi zinasema filamu za namna hii hazisafishwi tena. Anayemjua fundi wa picha nyeusi na nyeupe aliyebaki na mashine yake, anielekeze. Nataka nakala mbili: moja ya ukuta wa Mzenga, ya pili ikae kwenye kopo.